Makopo ya Bi Ndoo

Mwanamke huyu tulimwita Bi Ndoo. Jina lake la vyeti lilikuwemo kwenye daftari la mahudhurio, lakini hakuna aliyelitumia. Hata yeye akipiga simu alisema, "Ni mimi, Bi Ndoo wa jikoni." Alipika chai na kahawa katika ofisi yetu kwa miaka kumi na minne, na saba ya mwisho mimi nilikuwa mfagiaji hapohapo. Kila Ijumaa saa kumi alitoka getini na ndoo ya njano yenye kifuniko. Ndani ya ndoo hamkuwa na kitu kingine ila machicha ya kahawa na majani ya chai yaliyokwisha kunywewa.

Siku yangu ya kwanza kazini nilimkuta ameinamia sinki anaosha majani ya chai kwenye chujio, kama mtu anavyoosha mchele.

"Dada, hayo si ya kutupa?" nikamwuliza.

"Ya kutupa kwenu. Kwangu ni chakula."

"Chakula cha nani?"

"Cha udongo. Haya yana sukari na maziwa, nikiyapeleka hivihivi sisimizi watanila mimi pamoja na nyanya zangu. Shika chujio hili, mdogo wangu, usisimame kama mgeni."

Nikashika. Tangu siku hiyo akawa dada yangu, na binti yangu akawa anamwita mama mkubwa.

Chumba alichopanga kilikuwa nyuma ya nyumba ya mjane mmoja, na uani palikuwa na kipande cha ardhi ambapo mafundi walichanganyia saruji wakati nyumba inajengwa. Udongo wake ulikuwa mweupe na mgumu. Alisema alipohamia pale hata magugu yalikuwa yakichungulia na kurudi chini. Mwaka wa kwanza alibeba machicha mabichi, akayamwaga mazito juu ya miche arobaini ya nyanya, akidhani anaishibisha. Machicha yakakauka yakawa kama kifuniko. Akimwagilia, maji yanateleza pembeni. Juu pakaota ukungu mweupe, chini miche yote ikafa kwa kiu huku inamwagiliwa kila siku.

"Niliiua kwa mapenzi," alikuwa akisema, na kila alipolisema hilo hakucheka.

Ndipo akajifunza. Majani ya chai aliyaosha mara mbili. Ya kwenye vifuko aliyapasua, akatoa uzi na kile kipini kidogo cha waya, maana uzi hauozi na kipini kinachoma vidole. Machicha ya kahawa aliyatandaza kwenye sinia mbili za bati, membamba, akaziweka dirishani penye jua la asubuhi. Yakishakauka aliyatia kwenye makopo matupu ya kahawa yakisubiri Ijumaa, kwa sababu makavu ni mepesi kubeba na hayanuki kwenye gari. Nyumbani aliyachanganya na majivu na majani makavu, akayageuza kwa koleo, akangoja miezi miwili mpaka usiweze kusema ipi ilikuwa kahawa na upi ni udongo. Mwaka wa nne wa bustani ile, mimi nikiwa bado mgeni kazini, aliniita nione. Nilichomeka mkono ukazama hadi kwenye kifundo. Palepale penye saruji! Palikuwa na nyanya, bilinganya, pilipili hoho, na mboga za majani zilizokuwa zikikatwa leo na kesho zimechipua.

Hakuwa na mume wala mtoto. Watu wa ofisini walimtania kwamba ameolewa na ndoo. Lakini Jumatatu alikuja na mfuko wa nyanya, na hao waliotania ndio waliokuwa wa kwanza jikoni. Mimi nililisha nyumba yangu kwa bustani ile miaka saba. Naliandika hili mapema ili mtu asije akadhani sikujua.

Jikoni penyewe palikuwa kama kabati la nguo. Rafu moja tu. Makopo ya kahawa yenyewe na makopo ya machicha yalikaa pamoja, yote yana karatasi ileile ya kiwandani yenye picha ya kikombe kinachotoa moshi. Nilimwambia zaidi ya mara moja.

"Dada, bandua hizo karatasi. Mtu akija atachanganya."

"Nani asiyejua? Ofisi nzima inakula hapa. Na mimi nikiyainua tu najua lipi ni lipi, ya machicha ni mepesi."

"Wewe unajua. Wengine?"

"Wewe nawe una hofu hata ya kivuli cha ufagio wako," akasema, akanipa kikombe cha chai.

Hofu ninayo, sikatai. Binti yangu alimaliza shule akakaa nyumbani, mwaka wa kwanza, wa pili, wa tatu. Mwaka wa tatu likaanza kusimama gari la kijivu kwenye kona ya duka letu, na ndani yake mwanamume mwenye umri wangu. Binti akitumwa chumvi anachelewa. Akirudi ana harufu ya marashi ambayo mimi sikumnunulia. Nilikuwa nafagia ofisi huku nimeliacha sikio nyumbani.

Mwaka huohuo tuliletewa msimamizi mpya. Alitembea na shada la funguo kiunoni, tukamwita Bwana Funguo. Jambo la kwanza alilofanya ni kuhamisha chai na kahawa zote kutoka jikoni akazifungia kwenye kabati la chumbani kwake. Bi Ndoo alizoea kupata pakiti tatu kwa wiki. Sasa alipewa moja.

Chai ikapauka. Dereva, ambaye mdomo wake haukuwa na breki, aliinua kikombe chake kwenye mwanga.

"Bi Ndoo, hii umeipika, au umeionyesha majani kwa mbali?"

"Muulize mwenye funguo, baba. Mimi napika ninachopewa."

Watu wakacheka. Neno hilo likapanda ngazi na kufika kwa mwenyewe kabla vikombe havijaoshwa.

Siku chache baadaye Bwana Funguo alinikuta napiga deki mlangoni pake. Hakunitazama, alikuwa anatafuta ufunguo.

"Wewe una binti, si ndiyo? Uliniambia anatafuta kazi."

"Ndiyo, mzee. Mara mbili."

"Yule mama wa jikoni amechoka. Na ana maneno mengi."

"Ndiyo, mzee," nikasema. Sikujua naitikia lipi kati ya hayo mawili. Au nilijua.

Kisha wakaja wageni kutoka makao makuu. Mmoja wao, mwanamke mwenye miwani, alionja kahawa akasukuma kikombe mbele. "Hapa kwenu maji ya moto mnayatia rangi tu?" aliuliza. Bwana Funguo alitabasamu mpaka wageni walipoingia kwenye magari yao. Halafu alikwenda jikoni moja kwa moja. Mimi nilikuwa kwenye korido. Nilimsikia akiinua makopo, moja baada ya jingine. Kisha nikasikia kifuniko kikifunguliwa, nikajua amefika kwenye jepesi.

Kesho yake saa tatu tuliitwa wote kwenye chumba cha mikutano. Kopo lilikuwa katikati ya meza, wazi. Sinia mbili za bati zilikuwa ubavuni pake.

"Mama, hiki ni nini?" Bwana Funguo aliuliza kwa upole.

"Machicha, bwana."

"Machicha ya nini?"

"Ya kahawa na chai. Yaliyokwisha kutumika."

"Kwa hiyo kahawa inanywewa, machicha yanakaushwa dirishani, yanarudishwa kwenye kopo la kahawa, na kopo linarudishwa kwenye rafu ya kahawa. Nimekosea wapi?"

"Hujakosea, lakini..."

"Sijakosea." Akatugeukia. "Sasa mnajua chai yenu ilikuwa inakwenda wapi na kurudi wapi."

Chumba kikavuma. Karani mmoja akashika tumbo. Bi Ndoo alitazama huku na huku kama mtu aliyeshuka kituo kisicho chake. Nadhani mpaka hapo aliona ni mzaha utakaokwisha.

"Ni ya bustani yangu," akasema. "Nyanya mnazokula! Nani hapa hajala nyanya zangu?"

Hakuna anayetaka kuwa mtu wa kwanza kusema amekula kitu cha mtu anayetuhumiwa. Dereva alikuna shingo. Waliijua ndoo, na kila Ijumaa waliiona ikitoka, lakini uani kwake hakuna aliyewahi kufika ila mimi.

"Muulizeni huyu mdogo wangu," Bi Ndoo akasema, akaninyooshea kidole. Uso wake ulikuwa umetulia kabisa, amefika kwa mtu wake. "Anakuja kwangu. Anaijua bustani kitanda kwa kitanda."

Bwana Funguo akanitazama kwa mara ya kwanza tangu aletwe kwetu. "Haya, mama. Wewe ndiye unayefagia jikoni. Umemwona akikausha?"

"Nimemwona."

"Na kutia kwenye makopo?"

"Nimemwona."

"Na bustani?"

Nilifikiria gari la kijivu. Nilifikiria binti yangu akiwa amefunga aproni, amesimama mahali ambapo naweza kumwona saa zote nane.

"Mimi nafagia tu, mzee," nikasema. "Mambo ya bustani siyajui."

Bi Ndoo akashusha kidole polepole, kama mtu aliyekosea mlango.

Nilidhani yameishia hapo. Bwana Funguo akalisukuma kopo kuelekea kwa Bi Ndoo.

"Kachemshe. Kikombe kimoja. Na wewe mfagiaji nenda naye, asibadilishe."

Tulikwenda jikoni wawili, kama tulivyokwenda kila asubuhi. Alipima kijiko, akachemsha maji, akapasha kikombe kwanza kama alivyofanya siku zote. Hakujua kupika vibaya hata siku ile.

"Umeisahau bustani?" akaniuliza bila kugeuka.

"Dada, nina mtoto."

"Na mimi nilidhani nina mdogo."

Tukarudi. Alikuwa amemimina kwenye kikombe kikubwa cha dereva, maana ndicho kilichokuwa safi.

"Kunywa," Bwana Funguo akasema.

"Bwana..."

"Si ulitunywesha sisi? Kunywa, mama. Chote."

Akanywa. Wote tulimtazama, watu kumi na saba, na kikombe kile kilikuwa kirefu. Katikati alikohoa, akapumzika, dereva akasema kwa sauti ndogo, "Taratibu, Bi Ndoo, usije ukaota mizizi," na waliokuwa karibu naye wakaangua kicheko. Dereva yule alikuwa amekula bilinganya zake wiki ileile.

"Ladha yake?" Bwana Funguo aliuliza.

"Ya majani yaliyochoka."

"Basi ndiyo hiyohiyo. Kakabidhi aproni."

Machicha yalikuwa yamemganda juu ya mdomo, mstari mweusi kutoka upande mmoja hadi mwingine. Hakuna aliyemwambia. Mimi nilikuwa na kitambaa safi mkononi. Alipita mbele yangu, akapita koridoni, akapita kwa mlinzi, akatoka getini na ndoo yake tupu, bado ana ule mstari mdomoni. Kitambaa nikakitumia kufutia meza.

Binti yangu alianza kazi Alhamisi. Alipewa aproni ileile. Mfukoni mwake alikuta vile vipini vidogo vya vifuko vya chai, vingi, vimejaa kiganja.

"Mama, hivi ni vya nini?"

"Tupa," nikamwambia.

Sitadanganya, wiki zile za kwanza nilikuwa na raha. Asubuhi tunatoka pamoja, jioni tunarudi pamoja. Gari la kijivu likasimama mara mbili tatu, likapotea. Nilikula ugali wangu ukashuka. Mboga nilinunua sokoni, na binti hakuuliza kwa nini.

Ijumaa ya pili Bi Ndoo akaja getini na ndoo.

"Sikuja kuomba kazi," akamwambia mlinzi. Nilikuwa natoa taka, nikasikia kila neno. "Naomba machicha tu. Hayohayo mnayotupa. Nilikwisha kulima vitanda viwili vipya, nimepanda, na havijala kitu."

"Mama, omba kwingine."

"Kwingine wapi? Nani mwingine hapa anakunywa kahawa ndoo nzima kwa wiki?"

Mlinzi akapiga simu juu. Bwana Funguo hakushuka, alifungua dirisha.

"Hakuna kitu kinachotoka humu!" akasema. "Mfagiaji! Mwaga dawa ya choo juu ya hayo machicha, halafu ndiyo utupe. Kila Ijumaa. Sitaki kuona biashara getini."

Nikaingia ndani nikaleta chupa. Ni dawa ya kijani, ukiifungua macho yanawasha. Nikaimimina juu ya machicha ndani ya pipa, na Bi Ndoo amesimama upande wa pili wa nondo, hatua tatu kutoka kwangu. Alichungulia tu ndani ya pipa kama mtu anayetazama maziwa yakimwagika.

Ijumaa ya tatu akaja tena. Nikamwaga dawa tena. Jioni ile nilipitia njia ya kwake, kwa mbali, ili nikionwa niseme nilipotea. Juu ya ukuta niliona kona ya bustani. Vile vitanda vipya vilikuwa vimepauka na kupasuka. Yeye alikuwa amepiga magoti anachimba kwa mikono, anachukua udongo mweusi kutoka kitanda cha zamani anaupeleka kwenye kile kipya. Alikuwa anaibia upande mmoja kuupa mwingine. Niliondoka kabla hajageuka.

Wiki hiyohiyo, tukiwa nyumbani, binti yangu anavua viatu, akasema kama anayesema habari ya mvua:

"Bwana Funguo anataka nikaushe majani."

"Majani gani?"

"Ya chai. Na machicha. Niyakaushe niyapike tena. Wageni wapate ya kwanza, wafanyakazi wapate ya pili. Anasema pakiti moja haitoshi."

Nilikaa juu ya kitanda. "Na wewe ukasemaje?"

"Nimesema sawa. Nimetumia zile sinia za bati. Anasema mama mkubwa aliwanywesha miaka mingi na hakuna aliyekufa." Akanitazama. "Mama, si ni kweli? Si wewe ulisema ulimwona?"

"Lala upumzike," nikamwambia, na jua bado lilikuwa halijazama.

Saa nne ya kesho yake niliinywa. Nilisimama koridoni na ufagio kwapani nikainywa chai aliyopika mwanangu, ilikuwa na ladha ya karatasi iliyolowa. Pembeni yangu dereva alimaliza kikombe chake, akajilamba.

"Hii sasa ndiyo chai," akasema. "Mkono wa kijana. Si kama ile takataka ya Bi Ndoo."

Karani aliyeshika tumbo siku ile akaitikia, "Tulikuwa tunauawa, ndugu yangu."

Ijumaa ya nne Bi Ndoo alikuja mapema. Nilikuwa nimebeba pipa kwa mkono mmoja na chupa ya dawa kwa mwingine, na kabla sijafungua chupa alipitisha mkono kwenye nondo, akachota kidogo. Mlinzi alikuwa anaandika gari lililoingia. Bi Ndoo aliyasugua machicha kati ya kidole gumba na cha shahada. Akanusa. Akasugua tena.

"Haya yamekaushwa," akasema.

Nikaliweka pipa chini.

"Yamekaushwa yakachemshwa tena. Hayana kitu. Udongo hauwezi kupata chochote hapa, hata ukinipa bure." Akayapukuta. "Ni mtoto anayepika?"

"Ndiye."

"Amekausha mwenyewe, au ameambiwa?"

"Ameambiwa."

Bi Ndoo akacheka kidogo, kicheko kikavu, mara ya kwanza namsikia akicheka tangu siku ile. Nilingoja anitukane. Nilitaka anitukane. Aliinua ndoo yake akaifunga kifuniko, ingawa ilikuwa tupu.

"Anayaweka kwenye nini?"

"Kwenye makopo."

"Yaleyale?"

"Yaleyale."

"Mwambie abandue karatasi," akasema. "Siku mgeni mwingine atakaposukuma kikombe, hawatamuuliza aliyemwambia. Watauliza kopo. Na mwanao atakuita wewe shahidi."

Kutoka juu dirisha likafunguka. "Mfagiaji! Unangoja nini?"

Nikamwaga dawa. Nilipoinua macho alikuwa amekwisha kuvuka barabara. Hakurudi tena, si Ijumaa ile nyingine wala baada yake. Mlinzi alisema amemwona akiuza ile ndoo ya njano. Sijui kama ni kweli, mlinzi husema mengi.

Niliingia jikoni saa ya chakula, binti yangu amekwenda kugawa vikombe. Niliyashusha makopo, nikayalowesha, nikaanza kukwangua karatasi kwa kisu. Nilikuwa nimefika kwenye la tatu mlango ulipofunguka.

"Unafanya nini?" Bwana Funguo aliuliza.

"Nasafisha, mzee."

Alitazama makopo. Akanitazama mimi muda mrefu, na nikajua ameelewa vizuri kabisa ninachofanya.

"Acha," akasema. "Wageni wakichungulia humu wanapenda kuona jina la kiwanda. Mwambie binti yako atafute gundi azirudishe."

Binti alizirudisha kwa gundi, zimekunjamana kidogo pembeni lakini zinasomeka. Ziko pale kwenye rafu mpaka leo, picha ya kikombe imetazama mlango. Makopo mazito na mepesi yamekaa pamoja, na mwanangu bado hajui kuyatofautisha kwa kuyainua.

Wageni kutoka makao makuu huja kila baada ya miezi mitatu. Wakiingia chumba cha mikutano mimi hufagia korido iliyo mbele ya mlango ule, hata kama nimeifagia asubuhi. Nasikiliza vikombe. Kikombe kikiwekwa mezani najua sauti yake, na kikisukumwa najua.